Chembe Zinazotembea Kidondani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa msichana wa mtaa wa Majengo mwenye mguu uliokataa kupona. Nilikuwa nimeanguka nikisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi, na mawe yetu haya ya volkeno, unayajua, hayana huruma. Yalinichana muundi mpaka mfupa ukaonekana. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba nitakatwa mguu.

Mama alinipenda kupita kiasi, na shida ilianzia hapo hapo. Kila kulipokucha alichukua maji ya moto yenye chumvi na kusugua kidonda kwa kitambaa mpaka damu itoke, maana kwetu kidonda chekundu ndicho tulichokiita safi. Ile ngozi nyembamba iliyokuwa ikiota pembeni aliibandua, akidhani ni uchafu. Mimi nikilia, naye akilia, lakini mkono wake hausimami.

Asubuhi hiyo muuguzi mzee wa kituo chetu cha afya alipita nyumbani, akamkuta anasugua. Hakumfokea. Alimshika mkono tu.

« Mama, ile ngozi unatoshaka kila asubui, njo inafunga kidonda. Iache. »

« Papa, niliwaza ni uchafu. Naogopa muguu ya mutoto ioze. »

« Najua. Mimi ntakuwa naosha polepole. Weye ukae naye. »

Basi mama akakaa. Mikono yake ilikosa kazi, maskini, akawa ananishika vidole vya mguu. Kidonda kikafunga, nikaenda kanisani kwa mguu wangu mwenyewe.

Nilipokuwa muuguzi nami, ndipo nilipofundishwa kilichokuwa kikiendelea pale. Chembe hai za ngozi hutembea, mwanangu. Kila moja imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Habari ya kidonda ikiifikia, baadhi ya mafuta ya upande unaoelekea kidonda hubadilika, yakawa ishara kwamba mbele ni huku. Chembe hujisukuma upande huo. Kwa nyuma ishara inafutwa, ili mkia ufuate. Ishara ikienea pande zote, chembe huvutika huku na huku isifike popote. Lakini zikiwa na mbele moja tu, hujikokota taratibu mpaka za ukingo huu zikutane na za ukingo ule. Nilipoyasikia hayo nilimwonea mama huruma sana. Kila asubuhi alikuwa akizirudisha mwanzo wa safari, kwa mapenzi.

Kwa hiyo jana nilipokuona unafunua bandeji ya mtoto wako kila saa, mkono wake ule uliochomwa na mbabula, lile jiko la makaa, sikukucheka. Nilikuelewa. Lakini nisikilize. Siku ya kubadilisha bandeji atakwambia muuguzi. Ukisikia harufu mbaya, au mtoto akipata homa, kimbia kituoni usingoje. Vinginevyo usiguse. Ukizidiwa na hamu ya kufanya kitu, mpakate, mwimbie, mshike ule mkono mzima. Hiyo nayo ni kazi, tena ni ngumu kuliko kusugua.

Mungu akutulize moyo, amponye mtoto wako, na akujalie uzee mrefu, ili mkono wake huohuo ulioungua uje kukushika wewe unapovuka barabara.