Ukoo Wetu Juu ya Lungo

Baba alikuwa anajikuna na kigunzi cha mahindi. Nikikumbuka mwaka ule, hilo linakuja mbele hata ya vita. Alikaa karibu na moto, akakunja mkono nyuma, akaupitisha mgongo wote juu na chini, mpaka shati likatoboka. Macho yake yalikuwa ya njano kama maua ya maboga. Tumbo lilimsumbua tangu nikiwa shule ya msingi. Kipindi fulani alitoka chooni anasema ameona damu, kisha miezi inapita vizuri, kisha inarudi.

Tuliishi juu ya kilima, upande wa Lushebere, huko Masisi. Ng'ombe wetu walikuwa wameshapita na vita, tukabaki na maharagwe. Risasi tulizisikia mbali, ng'ambo ya bonde. Unasikia, unasimama na jembe, unaangalia ni upande gani, kisha unaendelea kupalilia.

Mama ni mtu wa Walikale. Baba alimtoa kule msituni enzi za biashara yake ya mawese, na hata baada ya kuzaa watoto wanne kwetu, watu walimwita bado "ule wa poli". Alijua uyoga ambao sisi hatuujui, na majani ya kufungia samaki. Zamani watu walipenda kuja kuonja. Lakini kaka mkubwa wa Baba alikufa tumbo limevimba, macho ya njano. Akafuata mwingine. Ndipo koko, mama yake Baba, akaanza kumwambia Mama aonje kwanza.

Kwetu anayempa mgeni kinywaji huonja yeye mbele, ili mgeni aone hakuna sumu. Ni heshima. Lakini mke wa nyumba kuonja mboga mbele ya mama mkwe wake, kila jioni, hiyo si heshima tena. Mama alichota, akameza, akafuta kijiko, akampa koko. Mimi niliangalia sahani yangu. Sisemi sana mbele ya watu, hata darasani mwalimu akiniita midomo inakauka, lakini pale nilikuwa na mengi ya kusema.

Baba alipoanza naye kuwa na macho ya njano, baba mdogo, ndugu yake wa kiume aliyebaki, alisema waziwazi: maharagwe yakishavunwa, huyu mwanamke arudi kwao.

"Na watoto?" Mama aliuliza.

"Watoto ni wa ukoo. Wanabaki."

Njia ya Walikale wakati ule haikuwa na mwenyewe mmoja. Kila kilima kilikuwa na bunduki zake. Baba alisikia yote, akageukia ukuta. Na maharagwe yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Daktari, sisi tulimwita Docteur, alifika wiki ya kuvuna. Alikuwa mwanamke wa upande wa Butembo, binti wa wafanyabiashara, amevaa buti za mvua. Alikuja nyuma ya pikipiki, amepakata boksi ya barafu kama mtoto. Alituambia kwamba kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari waliifungua, wakitumaini iko bière ya kunywa, wakakuta vichupa vya damu, wakaifunga haraka.

"Wakaniuliza, unapelekea nani hii? Nikawaambia, inaenda Goma kusoma. Mumoja akasema, hata damu inasoma, mimi sikufika hata secondaire!"

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu masika.

Docteur alikuwa amesikia habari zetu kwenye centre de santé, zahanati yetu. Alimweleza koko kwamba anatafuta maradhi ya maini na matumbo, yale yanayotembea ndani ya ukoo mmoja.

"Haipite kwa sahani, Mama. Haipite kwa kikombe. Inapita kwa kuzaliwa."

"Sisi wote tulipita kwa kuzaliwa," koko alimjibu.

Docteur akatoa karatasi. Akachora kisanduku kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, na mistari kati yao. Koko aliinama akaangalia.

"Sasa mimi njo hii ya mviringo?"

"Ndiyo, njo wewe."

"Na mutoto wangu aliyelala kwenye udongo njo hii? Hapana. Watu wangu si wa karatasi."

Docteur hakubishana. Aliangalia kushoto na kulia. Tulikuwa tunachambua maharagwe kwenye lungo kubwa la kupepetea, na pembeni kulikuwa na punje za mahindi ya mbegu. Akavua saa yake, akaokota kaa jeusi kando ya moto, akakaa chini pamoja nasi.

"Basi tupange hapa. Haragi ni mwanaume, hindi ni mwanamuke. Aliyekuwa na macho ya njano, tunamupaka makala."

Hilo koko alilikubali. Aliweka haragi la babu juu kabisa, na hindi lake yeye kando. Docteur akauliza babu alikufa na nini.

"Kasiksi. Alikunywa kasiksi mupaka ini ikaoza."

"Macho?"

"Njano. Lakini ilikuwa pombe, ninakuambia."

Docteur alipaka makala, taratibu. Akafuata baba mkubwa, makala. Mwingine, makala. Baba, makala. Haragi la baba mdogo likabaki safi, pembeni. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu na panga la kukatia majani.

"Unaona?" alisema. "Hawa watatu wote wamekula kwa mukono wake. Mzee peke yake njo pombe. Hesabu yako inasema ile tunasemaga siye."

Docteur alimuuliza koko kama hao ndio watoto wake wote. Koko akasema njo wote. Docteur akauliza Baba anajikuna tangu lini, akatueleza kwa nini. Mtoto anachukua pua ya baba, masikio ya mama, alisema, na kuna vitu vya ndani visivyoonekana ambavyo anavichukua pia. Vinaitwa jeni. Kuna ukoo ambao jeni moja ina kosa. Matumbo yanatoka vidonda, na ndani ya ini vijia vya nyongo vinajifunga. Nyongo ikikosa pa kupita inarudi kwenye damu. Macho yanakuwa njano, na ngozi inawasha usiku na mchana.

Niliposikia kuwasha, nikawaza kigunzi.

Koko akinisuka nywele hupenda kuniambia kwamba nimetoka sura ya binti yake wa kwanza, aliyeolewa Muheto. Siku moja aliniambia namna alivyokufa: alikonda, tumbo likabaki, na alijikuna na kigunzi cha mahindi mpaka mgongo ukatoka damu. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mama alikuwa bado kwao Walikale, hajui hata Masisi iko wapi. Lakini kwetu binti akishaolewa anahesabiwa kule alikoolewa. Koko hakumficha. Katika hesabu yake hakuwa wa lungo hili.

Nilitaka kusema. Midomo ikakauka kama darasani. Basi nikanyosha mkono, nikachukua hindi moja, nikalisugua kwenye makala, nikaliweka kwenye safu ya Baba, mbele ya baba mkubwa.

"Ile ni ya nani?" baba mdogo aliuliza.

Koko aliangalia lile hindi. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta taka kwenye maharagwe, vikasimama.

"Ya dada yenu," alisema.

"Alikunywa kasiksi?" Docteur aliuliza.

"Hakugusa."

"Alikula kwa mukono wa huyu mama?"

Koko aliligusa lile hindi kwa kidole. "Hawakuonana."

Mama alikuwa anakoleza moto. Mgongo wake niliuona tu, ukiwa umenyooka.

"Na kule Muheto walisema aliuawa na nini?"

"Muke-mwenza," koko alisema. "Walimufukuza na mutoto mugongoni, mvua inanyesha. Mimi njo nilisema ya kwanza. Nilisimama mbele ya watu, nikasema, ni yeye."

Kila kifo kwetu kilikuwa na mwenyewe: huyu pombe, huyu mke-mwenza, hawa wawili Mama. Sasa walikuwa wamelala pamoja juu ya lungo, weusi wote. Hapo kuku mmoja akanyosha shingo kati yetu, akadonoa haragi la pembeni, akakimbia.

"Docteur!" baba mdogo akapiga kelele. "Kuku imekula mimi!"

Tulicheka wote, hata koko, machozi yakamtoka, na sijui yote yalikuwa ya kicheko. Docteur akaweka haragi jipya, safi. Baba mdogo akaacha kucheka mbele yetu.

"Hii ya kwangu haina makala."

"Haina."

"Itabaki vile?"

"Sijui, Papa. Unaweza kuwa nayo ao kukosa. Damu njo itasema, kama njia itafunguka. Na hata ikisema, dawa ya kuifuta bado tunatafuta."

Mama ndiye aliyeuliza juu yangu. Docteur akasema na mimi vilevile, akatoa sindano za kuchukua damu. Nilitoa mkono nikiangalia paa. Baba mdogo alikuja wa mwisho, amekunja mkono wa shati mwenyewe.

Majibu hayajafika mpaka leo. Njia ilifungwa, nasi tukateremka kambini Lushebere, ambako ninaandika haya. Baba angali anajikuna. Mimi kila asubuhi ninaangalia macho yangu kwenye kipande cha kioo. Ya Mama kurudi Walikale hayajasemwa tena.

Jioni ile Docteur alipoondoka, Mama alipika sombe, majani ya muhogo. Akamletea koko sahani, akachota kijiko kama kila siku, akakipeleka kinywani kwake aonje. Koko akamshika mkono.

"Leta," alisema. "Inapoa."