Turbo Niliyoizika kwa Heshima Zote

Wakati wa vita, Kamina nzima ilisema kwamba gari la turbo, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, hupiga mluzi kwa sababu ndani yake anapumua askari aliyekufa. Mimi, mwenye diplome ya mekanike ya shule ya jioni, niliamini kuliko wote.

Basi mwalimu Ilunga, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akaniletea jeep yake. Binti yake Monga ndiye angeendesha, lakini alikuwa na permis ya muda tu, yaani leseni ya kujaribia, na polisi wa roulage, wale wa barabarani, walikataza madereva wapya kuendesha turbo. Mama yake Monga alikuwa amekwama mjini Luena, na askari walikuwa karibu kufunga barabara ya kwenda huko.

"Fundi, utoe ile turbo leo," Monga alisema. "Mama iko anangoja."

Nikaitoa macho nimeyafumba, maana niliogopa kuonana na mufu. Nikaifunga kwa kitambaa cheupe, nikaizika nyuma ya karakana, nikaiombea mpaka jasho likajaza ndoo mbili.

Tukaenda roulage ili wakague jeep na kumruhusu Monga aendeshe. Monga akakanyaga mafuta. Mluzi ukalia, mwembamba, mrefu, kama mtu anayeniita kutoka udongoni. Nywele zikanisimama.

"Ametufuata," nikanong'ona. "Na nilimuzika miye mwenyewe."

"Ulizika nani?" akauliza mukubwa wa roulage.

Nikaeleza yote. Monga akaficha uso kwenye usukani. Mukubwa akafungua boneti, akachungulia taratibu.

"Fundi, ndani ya turbo hamuna muntu, iko hewa tu. Na turbo njo hii hapa. Weye ulizika kompresa ya klima, ile ya kuleta baridi."