Nilikwenda kupatanisha kijiji kando ya Ziwa Tanganyika, nikakaribia kukigawa upya

Wakuu, habari za mchana. Watu wa Kigoma popote mlipo, salamu zenu za pekee.

Mimi humu huwa msomaji tu. Ila jana nimeona watu wanabishana kuhusu dini na wakimbizi mpaka wanatukaniana wazazi, nikasema ngoja na mimi nitoe langu.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji, maana wahusika wengi wangali hai. Natamani ningebadilisha na zile sehemu ninazoonekana bwege, lakini nikizitoa hizo hakuna uzi utakaobaki.

Twende.

Ilikuwa miaka ile Warundi wanavuka kwa wingi kukimbia vita kwao. Mimi kijana wa Ujiji, nimepanga chumba Buzebazeba, nafundisha shule ya msingi.

Pale mjini kulikuwa na kamati ya amani ya mashehe na wachungaji. Wakanichukua niwe katibu kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Sifa nyingine sikuwa nayo.

Kisha wakanipeleka semina ya usuluhishi Dodoma. Aisee, nilirudi mtu mwingine kabisa. Majirani wakigombana mke na mume, naenda kusimama dirishani nawauliza, "Kila mmoja aseme anajisikiaje." Nilikula kofi siku moja, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Basi bwana, zikaja habari mbaya kutoka kijiji kimoja kule juu ya Mwamgongo, mahali ambapo hufiki ila kwa boti.

Majambazi wenye bunduki waliwavamia wavuvi ziwani. Wakachukua injini na nyavu, wakamuua kijana mmoja anaitwa Issa. Wenzake walionusurika wakasema wale watu walikuwa wanaongea Kirundi.

Hapo mjue kwamba Kirundi na Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, vinakaribiana sana. Gizani, katikati ya maji, mtu anakufokea ameshika bunduki, utajua ni kipi? Lakini neno likishatoka limetoka.

Issa akazikwa. Jioni ile ile watu wakachoma nyumba za Warundi waliokuwa wanaishi pale kijijini, na kikanisa chao cha miti na udongo. Mungu saidia hakufa mtu, ila familia nzima nzima zililala mlimani na watoto wachanga.

Kamati ikatuma watu watatu. Shehe Mbaruku, mtu mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Mchungaji Yohana, jitu la miraba minne. Na mimi mtaalamu, shati jeupe, viatu vya kung'aa, karatasi kubwa za semina nimezikunja kwapani.

Ziwa lilichafuka siku ile. Mimi mtoto wa Ujiji, niliyezaliwa naona maji, nilitapika njia nzima. Mwisho nikatapikia viatu vya Mchungaji. Akaniambia tu, "Toa yote, mwalimu, utahubiri vizuri ukiwa mtupu."

Tulipofika, viongozi wa kijiji wakawaita watu darasani. Warundi nao waliteremka kutoka mlimani, wakasimama karibu na mlango, kama watu wa kukimbia muda wowote. Hakuna aliyesalimia mwenzake.

Shehe akasoma dua, Mchungaji akaomba. Wakaniachia uwanja.

Wakuu, mimi nikabandika karatasi ukutani. Halafu nikatamka maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa naoga nazima maji.

"Zoezi la kwanza. Wenyeji kaeni kushoto, wageni kaeni kulia."

Ndivyo nilivyofundishwa Dodoma! Kila upande uandike machungu yake, kisha wabadilishane karatasi. Kwenye semina tulikuwa tumegawanywa kwa rangi za kalamu, hakuna aliyechomewa nyumba.

Watu wakaanza kusogea. Kushoto wakajaa, na baadhi walishika fimbo. Kulia wakajikunyata. Nikaona Shehe ananiangalia kwa jicho la "umefanya nini wewe?" Mimi nikamwonyesha dole gumba.

Katikati akabaki mwanamke mmoja, Spesiyoza, ana mtoto mgongoni. Yeye Mrundi, ameolewa na Bakari, mvuvi wa pale pale. Bakari alikuwa ameshavutwa kushoto na ndugu zake.

"Mwalimu, mimi nikae wapi?"

Nikamwambia, kwa utaalamu wangu wote, akae upande wa asili yake.

"Na huyu?" Akamfungua mtoto mgongoni.

Nikaanza kupekua makabrasha yangu, kana kwamba Dodoma walimwandika mtoto wa Bakari.

Akanijia, akaniwekea mtoto mikononi. "Basi mshike wewe, mpaka utakapojua ni wa upande gani."

Nikasimama mbele ya kijiji kizima na mtoto wa watu. Naye hakuchelewa, akanikojolea shati lote. Nilingoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka.

Ndipo akainuka mama mmoja kutoka kushoto, Bi Mwajuma. Huyu ndiye mama mzazi wa Issa, yule aliyeuawa.

Akaja akamchukua mtoto kwangu. "Lete. Huyu nilimpokea mimi akizaliwa." Akaenda kukaa naye kulia, sakafuni, katikati ya Warundi.

Mtu akapiga kelele, "Mama, waliomuua mwanao walisema Kirundi!"

Akajibu bila kupandisha sauti.

"Mbao alizofunikiwa mwanangu kaburini nani alizipasua? Si Nahimana? Mchana amezipasua, hakutaka hata shukrani. Jioni mkaenda kumchomea nyumba. Mimi nina msiba mmoja. Wa pili mmeniletea ninyi."

Nahimana ni kaka yake Spesiyoza, fundi seremala. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Nyuma kabisa kijana mmoja akatoka akaupiga mlango kwa nguvu. Nikauliza ni nani. Kiongozi mmoja wa kijiji akaninong'oneza, "Hamisi, mdogo wake marehemu. Ndiye aliyetia moto." Mama yake alijua. Kila mtu alijua.

Hapo Bakari akavuka darasa, akaenda kukaa karibu na mkewe. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wengine wakaondoka kwa hasira. Mimi nikabandua karatasi zangu, nikazikunja. Hicho ndicho kitu cha maana nilichofanya siku ile.

Kesho yake hakukuwa na semina. Shehe alivua kanzu, akabaki na msuli na fulana, akasema tunaanza na kanisa. Waislamu kadhaa wakaenda naye kukata miti. Mchungaji akasema akimaliza kanisa hagusi chakula mpaka nyumba ya Nahimana isimame.

Mimi nikapewa kukanyaga udongo, nikateleza nikakaa. Nikapelekwa kwa kina mama kumenya muhogo, nikajikata. Spesiyoza akanifunga kidole akaniambia, "Mwalimu, wewe kaa hapo uwe mgeni rasmi."

Mchana akatokea Hamisi na panga mkononi. Kazi zote zilisimama. Nahimana alikuwa juu ya ukuta, hawezi kukimbia.

Hamisi akapita bila kumtazama mtu. Akafika kwenye rundo la miti, akaanza kuchonga. Alichonga mpaka jua linazama, akaondoka bila kuaga.

Arobaini ya Issa ilipofika tulirudi. Wasiwasi ulikuwa mmoja tu, kama Warundi watakuja kwenye hitima. Walialikwa, ila kualikwa na kuthubutu ni vitu viwili.

Walikuja. Wakakaa mkekani wamebanana, Nahimana akiwa katikati yao, mkono wake wa kulia bado una kovu bichi. Aliungua akitoa vifaa vyake vya kazi motoni.

Aliyekuwa anazungusha maji ya kunawa ni Hamisi. Akafika kwa Nahimana, akapiga magoti na birika na beseni. Maji akayamimina taratibu, kwenye vidole tu, akikwepa lile kovu.

Nilikuwa nimekaa jirani, nikasikia.

"Umepona?"

"Bado," Nahimana akajibu.

Hamisi akatikisa kichwa. "Hata mimi bado."

Akasogea kwa mwingine. Hawakukumbatiana, hakuna aliyepiga makofi. Kisha wote wawili wakala wali kwenye sinia moja.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba amani haikuletwa na sisi wa kwenye boti. Ilikuwa kwa mama aliyekuwa na kila sababu ya kuikataa. Shehe na Mchungaji walilielewa hilo mapema, wakavua kanzu na koti. Mimi ilibidi nikojolewe kwanza.

Na tukianza tena kugawana humu nani kushoto nani kulia, tumkumbuke mtoto wa Spesiyoza.

Kama kuna mtu wa mwambao ule aliyepitia miaka hiyo, au uliwahi kuona watu wakirudi kula pamoja baada ya jambo zito, shusha hapo chini tusome. Wa kunicheka nanyi karibuni, nafasi ipo. Ila kuhusu lile kofi la Buzebazeba, msiniulize.