Kanga Iliyotandazwa Njiani

Enzi zetu, sisi tuliokulia kando ya barabara kuu karibu na Segera, malori ya mafuta tuliyatambua kwa mlio kabla hayajatokeza. Yalipita kutwa yakielekea Arusha, ilhali koroboi ya nyumbani Bibi aliipimia mafuta ya taa kwa kifuniko cha soda. Tulisoma hadi pua zikawa nyeusi kwa moshi. Watoto wa leo simu ikibaki asilimia kumi, nyumba nzima ina msiba. Labda nawaonea, nimelifikiria sana hilo.

Siku moja tukitoka shule, lori lilipinduka kwenye kona chini ya kijiji. Petroli ikatiririka mtaroni. Watu wakatoka na ndoo, madumu, hata masufuria yenye ukoko. Askari wawili waliokuja kuzuia walirushiwa mawe. "Miaka yote mafuta yanatupita tu! Leo zamu yetu!" watu wakapiga kelele. Nami nilishika jagi la plastiki, nikakimbia nyuma ya Mjomba Hamisi.

Bibi alikuwa uani akipepeta mahindi. Aliinuka, akavua kanga ya juu na kuitandaza kwenye kijia cha kuteremkia barabarani. Kwetu kanga ya mama hairukwi.

"Anayekwenda kuchota, airuke hii kwanza."

"Mama, toka bwana!" Mjomba akafoka. "Wenzetu wa ng'ambo ya barabara wameshajaza madumu!"

"Ruka basi, mwanangu. Miguu si yako?"

Hakuruka. Hakuna aliyeruka. Wanaume wazima walisimama na ndoo zao, wakinung'unika kwa sauti ya chini.

Lori halikuwaka moto. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Watu wa ng'ambo walichota, wakawauzia bodaboda, wakaezeka mabati mapya. Sisi tulichekwa mwezi mzima: "Nyie watoto wa kanga!" Bibi hakujitetea hata mara moja.

Sasa kijijini kuna umeme, na huko Handeni limefukiwa bomba kubwa la mafuta. Hata mlio hatusikii. Bado yanatupita. Vijana wanatukanana kwenye magrupu ya simu, nami, na shahada yangu isiyo na kazi, naandika ujumbe na kuufuta. Hakuna wa kutusimamisha wote mahali pamoja.

Mwezi uliopita nilimuuliza Bibi kama hakujuta, maana lori lenyewe halikuwaka moto.

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umenijia mzima, unaniuliza kwa mdomo wako," alisema, "na jibu bado hujaliona?"