Sura ya Mama, Habari ya Wengine

Nilikuwa Mpanda, nimekaa juu ya robota la mitumba nikisubiri mnada uchangamke, nilipomwona mama kwenye simu. Nilikuwa napitisha kidole kwenye tovuti moja ya habari bila kusoma chochote, na mama akapanda kutoka chini ya kioo: kwanza kilemba, kisha paji la uso, kisha lile tabasamu lake linalopinda upande mmoja, mwisho mikono yake iliyojaa dagaa. Alikuwa amekaa juu ya turubai lake pale mwalo wa Katonga, mitumbwi ya wavuvi inapofunga. Picha ilijaza kioo chote.

Nilikuwa sijafika nyumbani kwa miaka miwili. Mimi ni mtu wa kufuata minada, leo Mpanda, kesho Sumbawanga, na kila ninapolala nawaza Kigoma lakini nikifika Kigoma nawaza barabara. Kumwona mama ghafla namna ile, mahali nisipomtegemea, kulinipandisha furaha kichwani. Nikabonyeza alama ya kutuma, nikaipeleka habari kwenye kundi la ukoo, na juu yake nikaandika: Mama yetu kaingia mtandaoni. Mteja akaniuliza bei ya koti, nikatia simu mfukoni.

Nataka hili lieleweke kabla sijaanza kuwalaumu watu wengine. Aliyeituma habari ile ni mimi. Na sikuwa nimeifungua.

Siku ya tano dada yangu akapiga. Yeye ndiye anayeishi na mama kule Bangwe.

"Umetuma nini wewe kwenye kundi?"

"Picha ya mama. Hujaiona?"

"Nimeiona. Na kanisani wameiona. Na mwaloni wameiona. Umesoma maneno yaliyo chini yake?"

"Nilituma tu."

"Basi soma," akasema. "Ukimaliza uniambie mama afanye nini, maana leo ni siku ya tatu hakuna aliyetia mkono kwenye dagaa wake."

Ilikuwa miaka ile Warundi walipoanza tena kuvuka kwa wingi. Kigoma tulikuwa tumeshawaona mara nyingi. Nilipokuwa sekondari walikuja wa kutoka Burundi na wa kutoka Kongo, mitumbwi ikifunga ufukweni mchana na jioni, na nyumba za watu zikajaa. Mama mmoja na watoto wake walilala kwetu siku tatu kabla hawajachukuliwa kupelekwa kambini. Alipoondoka alimwachia mama turubai la msaada, lile zito la rangi ya maziwa lenye herufi za buluu pembeni. Herufi zimeshafutika nusu, lakini turubai ni lile lile. Mama huanika dagaa juu yake mpaka leo.

Sasa hapo lazima nieleze jambo la mwaloni, maana bila hilo huwezi kujua tulichoharibiwa. Dagaa wengi huanikwa mchangani. Kwa hiyo mnunuzi wa Katonga hanunui kwa macho. Anachuchumaa, anazamisha mkono mpaka chini ya rundo, anachota wachache, anawatafuna polepole huku akisikiliza meno yake. Mchanga ukilia, anatema pembeni na kusimama. Usipolia, ndipo maneno ya bei yanaanza. Asiyetafuna hanunui, na anayepita bila kuzamisha mkono amekutukana. Mama, kwa ajili ya turubai lile, alikuwa ndiye mwenye dagaa wasio na mchanga. Hilo ndilo lilikuwa jina lake pale kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kilichoingia kwenye simu za ndugu zangu hakikuwa habari. Kilikuwa kile kikadi ambacho simu hujitengenezea yenyewe ukituma kiungo: picha juu, kichwa cha habari chini kwa maandishi mazito, jina la tovuti kwa maandishi madogo, basi. Uso wa mama, na chini ya uso wa mama: Kipindupindu chapiga hodi kambini, wakimbizi wasimulia. Amekaa juu ya turubai la msaada, herufi zinaonekana, mikono imo kwenye chakula. Nani afungue asome zaidi? Kwetu watu wengi huweka bando la ujumbe tu, kufungua tovuti ni gharama ya pili. Kikadi kikatoka kwenye kundi la ukoo kikaenda la kwaya, kikatoka la kwaya kikaenda la wanawake wa mwaloni. Kila mahali kilifika kizima, kifupi, na cha uongo.

Nikaifungua, robota likiwa chini yangu na jua la Mpanda likiwa juu. Naomba uvumilie niieleze, maana nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Picha ya mama juu, bila neno lolote chini yake. Aya mbili. Halafu tangazo la mikopo. Halafu video inayoanza kucheza bila kuulizwa, na video yenyewe si ya kambi, ni ya mwanamume aliyevaa suti akizungumza ukumbini. Aya nyingine. Halafu kisanduku kimeandikwa Soma pia, na ukikibonyeza unatupwa kwenye habari ya mwaka mwingine, ya nchi nyingine, na kurudi ulikotoka ni kazi. Katikati ya takataka hizo kulikuwa na maneno ya mwanamke mmoja mkimbizi. Alisema mtoto wake alikunywa maji ya ziwa njiani kwa sababu hapakuwa na mengine. Alisema alimzika mahali asipopajua jina. Picha yake haikuwepo. Maneno yake yalikuwa yamewekwa chini ya tabasamu la mama yangu.

Chini kabisa, baada ya kila kitu, kulikuwa na mshale mdogo: Tazama picha zaidi. Nikabonyeza. Picha ya kwanza mitumbwi, ya pili machweo, tangazo, ya nne nyavu, tangazo tena. Ya saba ndiyo ilikuwa picha ya mama nzima, haijakatwa, na chini yake kwa maandishi yaliyofifia: Mkazi wa Katonga, Kigoma, akimwonjesha mteja dagaa. Ukweli wote ulikuwa pale. Waliuandika, kisha wakauficha mahali ambapo mtu mwenye bando la shilingi mia tano hafiki.

Mimi nilikua na magazeti yaliyochelewa. Yalikuja Kigoma kwa treni, yamezeeka siku mbili tatu, na kinyozi mmoja wa Rusimbi alikuwa akilisoma gazeti kwa sauti tangu jina lake juu mpaka tangazo la mwisho la kuuza shamba. Huwezi kumruka wala kumkata. Siwezi kusema magazeti yale yalikuwa matakatifu, yalidanganya pia. Lakini picha na maneno yake vilisafiri pamoja. Hakuna aliyeweza kung'oa uso wa mtu Kigoma na kuubandika kwenye kifo cha mtu mwingine bila mkasi na gundi. Hata karanga zilipofungwa ndani yake, kipande kilibaki na maelezo yake chini.

Kwenye ukurasa wao wa mawasiliano nikapata namba. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulinichoma zaidi.

"Kaka, picha ile tulikuwa nayo tayari kwenye maktaba," akasema. "Mpiga picha wetu aliipiga kwa habari ya uvuvi."

"Na za wakimbizi?"

"Zilikuja zina giza. Pale juu tunahitaji uso. Watu wanabonyeza uso."

"Huo uso ni mama yangu."

"Pole sana kaka. Lakini maelezo sahihi yapo. Umeangalia picha ya saba?"

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe huwa anafika picha ya saba kwenye habari za wenzake. Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. Akaahidi kurekebisha. Kesho yake chini ya picha ya mama pakawa na mstari wa rangi ya majivu, mwembamba kama unyayo wa sisimizi: Picha haihusiani moja kwa moja na habari. Moja kwa moja. Nimeyatafakari maneno hayo mpaka leo na bado sijui mama yangu alihusiana na kipindupindu kwa njia gani ya kuzunguka. Na kikadi kilichokwisha kutumwa hakikubadilika. Kilichomo kwenye simu za watu hakisikii masahihisho.

Nikamwachia mwenzangu robota, nikapanda basi.

Mama nilimkuta Bangwe, mlangoni, anachambua mchele. Sikupewa hata maji.

"Kaa hapo unisomee," akasema. "Yote. Usiruke kitu."

Nikamsomea kama kinyozi wa Rusimbi. Nikamsomea aya, nikamsomea tangazo la mikopo, nikamweleza video, nikafungua Soma pia nikamsomea na hiyo. Bando langu likaisha katikati, dada akanirushia lake. Nilipofika kwa yule mwanamke na mtoto wake, mama akasimamisha ungo.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Na yeye picha yake iko wapi?"

"Hawakuiweka, mama. Walisema zilikuwa na giza."

Akauweka ungo chini. Kisha akasema, kwa hasira ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu nilipoacha kazi ya kwanza, "Mimi nilivaa kitenge kipya nikacheka, kwa sababu kijana aliniambia anapiga picha za dagaa. Watu wanasoma mtoto amekufa, wakiangalia juu wanamwona mama anacheka. Atanionaje huyo mwanamke akiiona?"

Nilikuwa nimewaza siku zote zile juu ya jina letu tu.

"Na hiyo ya mwisho?" akauliza. "Umesema kuna nzima."

Nikamwonyesha ya saba. Akaisogeza simu mbali na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake, akaitazama pembeni, pale mkasi wao ulipokuwa umepita. Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia.

"Kesho twende wote mwaloni," akasema. "Na hiyo simu uijaze chaji."

Asubuhi akatandika turubai mahali pake, herufi za buluu juu, ingawa dada alimsihi aligeuze. Akamwaga dagaa, akawasambaza. Wanawake wengine wakamsalimia vizuri tu, kwa mbali. Wanunuzi wakaanza kupita. Mmoja alikuwa mama mnene wa Ujiji, mnunuzi wa jumla, ambaye na mama huitana wifi ingawa hakuna ndoa kati yao. Alikuwa akinunua kwa mama tangu mimi niko darasa la saba. Akapita hatua mbili kutoka kwenye turubai, akaangalia ziwa.

"Mpelekee," mama akaniambia.

Nikamfuata. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi lini? Umekonda."

"Jana. Naomba uniangalizie kitu hapa."

Nikampa simu. Akaona uso wa mama na akataka kunirudishia upesi. Nikamwomba angoje, nikaisogeza picha kwa kidole mpaka ukingoni. Pale, sehemu waliyoikata ili ibaki sura moja ya kubonyezwa, alikuwepo mwanamke aliyechuchumaa, mkono wake umezama kwenye dagaa wa mama mpaka kwenye bangili, shavu limetuna.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

Akaitazama. Wanawake wawili waliokuwa karibu wakasogeza shingo.

"Shavu hilo si langu," akasema.

"La kwako," mmoja akamjibu. "Na bangili zako. Kumbe na wewe umeandikishwa kambini, wifi, hukutuaga."

"Tena ndiye aliyekula," mwingine akasema. "Mwenzake ameshika tu."

Wakacheka mpaka waliokuwa kwenye mitumbwi wakageuka. Simu ikapita mkono kwa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu niitume, watu wa Katonga wakaiona picha nzima na kusoma maelezo yake. Hayo ndiyo masahihisho pekee yaliyofanyika, na hayakufanywa na waliokosea. Yalifanyika kwa mwanya wa bahati, kwa sababu mkasi wao ulipita juu ya mtu ambaye tulimjua. Aliyezika mtoto njiani hakuwa na picha ya saba.

Yule mama wa Ujiji alirudi kwenye turubai. Mama hakuinua kichwa.

"Nimekuita?" akauliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Umepotea siku sita."

"Nilikuwa kambini," mnunuzi akasema, akachuchumaa kwa kuguna, akakunja mkono wa baibui, akauzamisha mkono mpaka chini. Akachota, akatia mdomoni. Wote tukasogea, hata waliokuwa wakicheka. Akatafuna polepole, macho yameelekea upande wa Kongo, akisikiliza meno.

"Wana mchanga," akasema.

"Mchanga uko kwenye meno yako," mama akajibu. "Dagaa wangu hawajawahi kugusa mchanga na unajua."

"Nimesema wana mchanga. Punguza."

"Sipunguzi. Nenda kwa wanaoanika chini."

Lakini hakuondoka, akachota tena. Nilikuwa nimesimama nawaangalia, simu mkononi, na kwenye simu kile kikadi bado kipo kwenye kundi la ukoo, pale pale nilipokiweka. Mama akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Na wewe sogea hapo," akasema. "Unawakingia dagaa jua."