Mdogo wangu alivyopimwa ubongo Homa Bay, na nywele zikatukwamisha

Wakuu, salaam kutoka Migori. Huwa nasoma tu humu, siandiki. Lakini najua kuna mtu hapa anamficha mtoto anayeanguka, kwa hivyo nitasema nilichokiona, bila chumvi.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Wazazi walipotuacha nilitoka shule darasa la saba, nikaanza kuuza viatu vya mitumba sokoni. Wa mwisho wetu ni Atieno, kidato cha pili.

Mwaka jana alianza kuanguka darasani. Mwili unatetemeka, akiamka hakumbuki kitu. Shule ikasema akae nyumbani mpaka tujue ni nini.

Shangazi, dada ya baba, alikuwa na jibu tayari. Ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa tulipozika wazazi. Alitaka Atieno aache masomo, apelekwe kwa mtu wa miti shamba.

Simlaumu. Huyo mama ndiye alitulisha.

Nikamwomba tupime hospitali kwanza. Nikaahidi wasipopata kitu, nitamfuata yeye.

Tukapata booking ya EEG, kile kipimo cha ubongo, katika hospitali moja Homa Bay. Tuliambiwa tu mtoto alale kidogo usiku wa kuamkia kipimo.

Sasa, kwetu yatima hapelekwi mbele ya wageni akiwa ovyo. Watu watasema hana mwenyewe. Shangazi akamsuka lines ndogo ndogo, akazipaka mafuta mpaka kichwa kinang'aa. Alipendeza kweli.

Fundi wa mashine, kijana mpole, alimwangalia akashusha pumzi. Akaeleza kwamba nyaya zinabandikwa kwenye ngozi ya kichwa, na kwa mafuta hazishiki. Tufumue, ama turudi siku nyingine.

Siku nyingine shangazi asingeingoja. Nilijua hivyo.

Shangazi akaketi kwenye benchi, akamvuta Atieno katikati ya magoti yake, akaanza kufumua kazi yake mwenyewe. Mama mmoja wa kwenye foleni, muuza samaki, akashika upande wa pili. Akamtania kwamba amekaza nywele kama anayefunga mbuzi wa mahari. Shangazi akacheka.

Kisha akamwambia fundi, "Nilitaka muone huyu ana watu."

"Tumeona, Mama. Sasa aoshe na sabuni."

Atieno akaogopa kulala kitandani. Akauliza kama mashine itasikia anachofikiria.

Fundi akamwambia mashine haiingizi stima kichwani, inasikiliza tu ile kidogo inayotoka kwa ubongo. "Ni kama umesimama nje ya soko. Kelele unasikia, maneno husikii. Siku ya kawaida kila mtu anaongea lake. Wote wakipiga kelele moja kwa pamoja, unajua kuna kitu."

Wakamwambia apumue kwa nguvu, wakawasha taa ya kumulika-mulika. Kwa screen mistari ilitambaa ovyo, kama kuku wamepita mchangani.

Ghafla yote ikapanda pamoja, ikashuka pamoja, tena na tena. Na Atieno ametulia tu, hajaanguka.

Shangazi alikuwa mlangoni. Akauliza polepole, "Chira iko wapi hapo?"

"Chira sijui kuipima, Mama. Hii naijua. Soko limepiga kelele moja."

Daktari akasema ni kifafa, akaanzisha dawa. Akaongeza kwamba wengine wana kifafa na kipimo kinatoka safi siku hiyo.

Nikakumbuka ahadi yangu kwa shangazi. Kipimo kingetoka safi, ningemwacha Atieno apelekwe kwa miti shamba.

Kwa hivyo wakuu, msiweke maisha ya mtoto juu ya kipimo kimoja. Na mkienda EEG, nywele zifumuliwe na zioshwe, bila mafuta. Haiumi.

Atieno amerudi shule, analala bweni. Bado huanguka, lakini mara chache.

Juzi, alipopewa ruhusa kuja kwa kipimo cha pili, nilimkuta shangazi uani akimwosha kichwa na sabuni ya kipande. Kichana na mafuta alikuwa ameshaviweka kwa mfuko wake. Eti atamsuka hapo hapo kwenye benchi, tukimaliza.

Wenye watoto wa dawa hizi walio bweni, mnahakikisha vipi wanameza kila siku? Andikeni hapa chini. Shangazi ameniambia nimsomee majibu yote.