Ekseli Iliyochaguliwa kwa Simu

Juzi pale Mlandege kwa fundi baiskeli, nikisubiri pancha yangu izibwe, nilimwona dada mmoja, afisa ugani, akichagua fremu ya baiskeli ya kupandia milima kwenda kuchanja kuku vijijini. Zilikuwa mbili, zote za shokapu mbele tu. Tofauti ilikuwa ekseli ya nyuma: moja nene, ya kisasa, inayokazwa kwa kifunguo maalumu kilichopinda, nyingine ya nati mbili za kawaida za kukazwa kwa spana.

"Nipe hii nene, fundi. Ndiyo imara."

Fundi akafuta grisi vidoleni, hajaigusa fremu. "Imara kweli. Sasa mpigie mtu wa huko uendako, muulize wana spana gani."

Dada akacheka, lakini akapiga, akaweka spika. Mama mmoja akajibu: "Spana? Ipo moja tu, ya kumi na tano. Anayo katekista."

Fundi akashusha fremu ya nati. "Chukua hii, nati zake ni kumi na tano. Ikilegea, katekista atakukazia."

Nilimvulia kofia kimoyomoyo. Mimi nilimnunulia mama yangu friji kwa mbwembwe, bila kupiga simu kuuliza habari za umeme kijijini. Anawekea mahindi. Anasema panya hawaingii.